Zamu Isiyo na Saa ya Kumaliza

Velingrad, hospitali ya mapumziko
8 Februari 2024, saa nne na robo asubuhi

Mpwa wangu Ralitsa,

Salamu nyingi kutoka milimani. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyonga wameifungua, wameitia chuma, na sasa wananifundisha kutembea, mwanamume wa miaka sitini na sita. Kuna binti mmoja hapa, kila nikipiga hatua mbili ananiambia, "Hongera, babu!" Nikipona nitamwonyesha babu ni nani. Chumbani niko na Velichko, muuza nyama mstaafu wa Pazardzhik, anayekoroma mpaka vidonge vinatikisika kwenye kisahani. Chakula ni supu ya maharage isiyo na chumvi. Mwambie dada yangu, mama yako, anitumie kabichi la siki, maombi yake peke yake hayashibishi. Na mshukuru kwa kunibandikia mlangoni tangazo la kutimia mwaka mmoja tangu kifo cha mke wangu Minka, kama desturi yetu. Mimi mwenyewe nilipaswa kulibandika, basi tu barafu ilitangulia kuniangusha.

Najua unacheka kwamba mjomba wako anaandika barua wakati dunia nzima ina simu. Cheka. Miaka thelathini na minane nimeongoza treni pale Gorna Oryahovitsa, na jambo lisiloandikwa kwenye daftari la zamu halikutokea. Tena huku mtandao unashika bafuni tu, ukisimama juu ya ndoo. Kwa nyonga hii sipandi ndoo.

Jana nilikuwa namweleza Velichko habari za Mwezi wa Chuma, mchezo wetu wa kompyuta. Nikamwambia, watu hamsini huku na hamsini kule, wote wanapigana kwenye mwezi wa kubuni, wana ngao na vyombo vya kutua. Akaniuliza, "Na wewe unapiga bunduki?" Nikamwambia sipigi hata moja. "Sasa unafanya nini?" Nakaa kwenye kiti cha amri, natazama ramani, nawaambia hamsini wale waende wapi. Akafikiri, akasema, "Ah, kama mke wangu."

Sasa jambo lenyewe. Ligi inaanza tarehe mbili Machi, na timu yetu ya Stesheni haiwezi kuingia bila kamanda. Umekuwa msaidizi wangu miaka mitatu, wewe ndiye uliyenifundisha kuwasha mashine ile, kwa hiyo ninakukabidhi wewe zamu. Neno langu la siri ni jina la mbwa wetu wa zamani, kwa herufi ndogo. Ingia, weka jina lako kwenye kiti. Panapoulizwa zamu inaisha lini, andika tarehe 15 Aprili. Halafu niandikie kwamba umepokea, na uweke saini, kama tunavyofanya relini.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Tangu Minka aondoke, nyumba ile haina wa kuniuliza hata kama nimekula. Ikifika saa moja jioni, nikivaa visikilizio, watu hamsini wananiambia, "Tumekusikia, Mjomba." Ralitsa, hicho ndicho kinachonitoa kitandani. Kiti nakuazima, sikupi.

Mjomba wako,
Parvan


Plovdiv
19 Februari 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisoma kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Mimi sijambo. Duka la simu bado linaninyonya damu, bosi ni yuleyule na kikohozi ni kilekile. Mama alikwenda kupogoa mizabibu siku ya Mtakatifu Trifon pamoja na majirani, akamwagia mizizi divai kidogo na nyingine akajimwagia mwenyewe. Alirudi akiimba. Anakutumia mtungi wa kabichi, ukiwa umevunjika njiani usinigombeze mimi, wagombeze wa posta.

Zamu nimeipokea. Naandika kama unavyotaka: Mimi Ralitsa nimepokea kiti cha amri cha timu ya Stesheni, hali ni shwari, saini hii hapa chini. Umeridhika?

Ila tarehe ya mwisho nimeiacha wazi. Usipandishe sauti kwanza! Daktari wako mwenyewe hajui utatoka lini. Tukiandika 15 Aprili na wewe bado uko huko unapigiwa makofi na yule binti, kiti kitajifunga na timu itabaki bila kamanda katikati ya ligi. Ukirudi tutakaa pamoja tuandike.

Sasa nisaidie. Jana tulifanya mazoezi, nikawa naongea, naongea, na kadiri ninavyoongea ndivyo wasivyosikia. Bozhan akanikatiza mara nne. Unamjua Bozhan, kikosi cha kwanza, mwoka mikate yule wa Sliven, akishika chombo cha kutua anadhani ni chake. Wewe ukisema neno moja ananyamaza. Unafanyaje? Na unajuaje wakati wa kurudi nyuma? Na kiongozi wa kikosi akikudanganya kwamba amefika mahali na hajafika, unamtambuaje? Niandikie kila kitu, Mjomba, usiache hata kidogo.

Mpwa wako akupendaye,
Ralitsa


Velingrad
26 Februari 2024, saa tatu kamili asubuhi

Ralitsa mwanangu,

Kabichi limefika zima. Velichko amekula nusu, kisha akanililia kwamba linampandisha presha. Ndani ya bahasha utakuta uzi mwekundu na mweupe wa mwezi Machi. Nimeusokota mwenyewe, ndiyo maana umepinda. Ufunge mkononi tarehe mosi, na usiufungue mpaka uone mti uliochanua maua.

Kuhusu tarehe. Angekuwa mwanafunzi wangu wa kituoni amepokea zamu bila saa ya kumaliza, ningemtoa ofisini pamoja na kofia yake. Zamu isiyo na saa ya kumaliza si zamu. Lakini wewe ni damu yangu, na hoja yako ina akili. Basi iache.

Sasa sikiliza. Unaongea sana kwa sababu unaogopa kimya. Kimya ni kizuri, maana yake watu wanafanya kazi. Taja kwanza jina, kisha mahali, kisha kazi. "Bozhan, mnara wa kaskazini, ushike mpaka nikwambie." Basi. Halafu unyamaze mpaka akurudishie maneno yako yote. Asiporudisha, hujatoa amri, umepiga soga. Relini mtu asiyerudisha maneno huua abiria mia tatu.

Bozhan hashindwi kwa kufokewa. Yeye anataka kujua kwamba umemwona. Akifanya jambo zuri mtaje kwa jina papo hapo, wenzake wasikie, na utamwongoza kwa uzi. Anayekudanganya amefika utamtambua kwa kuwa atakupa maneno mengi. Aliyefika husema, "Nipo."

Kikosi kimoja usikitumie. Hata watu wakikulilia kwamba wanakufa, kikosi cha tano kikae nyuma ya kilima mikono mifukoni. Kamanda aliyetuma wote hana tena cha kuamua, anabaki mtazamaji kama wengine. Na kurudi nyuma, warudishe wakiwa bado wanaweza kutembea. Ukingoja mpaka wakuombe, umechelewa. Ukimtuma mtu mahali asipotoka, mwambie kabla. Mwambie, "Nahitaji dakika mbili zako, na hutarudi." Utashangaa jinsi watu wanavyokupa dakika nne. Ukikasirika, zima kipaza sauti, unywe maji, ndipo useme.

Bozhan hajanitumia hata salamu, si kawaida yake. Mwulize kulikoni.

Mjomba


Plovdiv
20 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Uzi nimeufunga. Mama hajambo, meno tu yanamsumbua, na hataki kwenda kwa daktari kwa sababu anasema daktari ana macho ya mwizi.

Tumecheza mara tatu na tumeshinda zote tatu! Ile ya kutaja jina, mahali, kazi, acha tu. Watu wamebadilika kabisa. Mechi ya pili nilikiweka kikosi cha tano nyuma ya kilima, wakanitukana dakika ishirini nzima, halafu nikawaachia, tukamaliza kazi kwa dakika tatu.

Bozhan yupo, ana kazi nyingi tu, unajua tanuri la mikate.

Nataka kukuuliza kuhusu lile pambano la Korongo la Barafu, mwaka juzi, ulipowashinda watu wa Varna ukiwa na watu kumi na tisa. Uliwezaje? Nieleze hatua kwa hatua, tafadhali. Tutakutana nao nusu fainali.

Ralitsa


Velingrad
29 Machi 2024, saa nane mchana

Ralitsa,

Natumaini meno ya dada yangu yamepoa. Mimi natembea kwa mkongojo mmoja. Velichko ametoka juzi, ameniachia soksi zake na kitanda kitupu. Sikujua kwamba ningeutamani mkoromo wake.

Korongo la Barafu nimekuandikia kwenye karatasi nne za nyuma, na ramani nimechora kwa kalamu mbili. Nyekundu ni wao. Siri ilikuwa moja tu: sikuwaficha watu wangu jinsi tulivyokuwa wachache. Kamanda wa Varna aliwaambia wake kwamba wanashinda, wakalegea.

Hapo nimemaliza kukujibu. Sasa wewe hujanijibu. Nilikuuliza habari za Bozhan, ukanipa tanuri. Nilitegemea utaniambia timu inasemaje kuhusu kurudi kwangu, hukugusa. Barua nzima hakuna mtu aliyenisalimia, na watu hamsini wale huwa wananiulizia hata nikipiga chafya. Laini ya simu ya kituo fulani ikinyamaza, mwongoza treni hasemi pengine wamelala. Anasimamisha treni, anauliza.

Basi nauliza. Kuna nini?

Natoka tarehe 12 Aprili. Jumatatu ya tarehe 15, saa moja jioni, nitakuwa kwenye kiti.

Mjomba


Gorna Oryahovitsa
22 Aprili 2024, saa moja na dakika kumi asubuhi

Ralitsa,

Salamu sina. Mama yako ni mzima, amenipikia mkate wa jibini siku nilipofika, akakaa anautazama mkate badala ya kunitazama mimi. Nilidhani ni meno.

Siku ya 15, saa moja kasoro tano jioni, nilinyoa ndevu. Ndiyo, nilinyoa ndevu kwenda kukaa mbele ya mashine, nicheke tu. Nikavaa shati la kazi. Nikawasha. Kwenye kiti cha amri kuna jina lako. Langu nikalitafuta kwenye orodha juu mpaka chini, nikalikuta mstari wa mwisho kabisa: mchezaji wa akiba. Nikabonyeza niingie kwenye mazungumzo ya makamanda, ikaniambia sina ruhusa. Nikadhani nimekosea neno la siri. Nimeliandika jina la mbwa yule mara sita, Ralitsa, kama mwehu.

Nikampigia Bozhan. Mwanzo akasema yuko bize. Nikamwambia, Bozhan, nasikia hakuna tanuri linalowaka hapo. Mwanamume mwenye mikono mikubwa vile akaanza kulia kwenye simu. Akaniambia yote. Tarehe tatu Machi viongozi wa vikosi mlikaa kikao. Wapo watengeneza viti vya wachezaji wa kompyuta wanaotaka kuifadhili timu, na wanataka kamanda kijana wa kuonyesha kwenye kamera. Kanuni inasema zamu iliyoachwa wazi viongozi wanaweza kuipigia kura ibaki kwa aliyenayo. Ingekuwa na tarehe, wasingeweza kuigusa. Wewe hiyo kanuni uliijua tarehe 19 Februari, au uliijua baadaye? Hilo moja tu nijibu.

Bozhan anasema yeye na kikosi cha tatu walikataa. Wakasema tumngoje Mjomba. Ndipo ukawaambia, "Mjomba mwenyewe amechoka, ameniomba nimpokee moja kwa moja, ila anaona aibu kuwaambia, msimsumbue." Ndiyo maana hakuna aliyenisalimia. Walikuwa wananistahi! Watu hamsini walininyamazia kwa heshima, na mimi kule nasokota uzi.

Na tarehe 20 Machi, siku kumi na saba baada ya kura, ukaniomba Korongo la Barafu hatua kwa hatua. Nikakuchorea ramani kwa kalamu mbili.

Umenizunguka, Ralitsa. Angekuwa mtu wa Varna ningemvulia kofia. Wewe nilikubeba begani kwenda kutazama treni za mizigo, ukipiga kelele kila zikipita. Imeniuma mpaka nashindwa kula, na sioni aibu kukuambia.

Parvan


Plovdiv
7 Mei 2024

Mjomba, Kristo amefufuka.

Sijui kama utanijibu, kwa hiyo naanza hivyo. Mama alipaka mayai mekundu, akaligonga la kwangu kwa lake kama desturi, la kwangu likapasuka, akasema, "Unastahili." Ndiyo maneno pekee aliyonipa Pasaka nzima. Alijua tangu Machi, nilimwapisha asikuambie. Usimkasirikie.

Nimeandika barua hii mara tano. Zile nne nilikuwa naomba radhi na kulia, nikazichana, maana ungesema maneno mengi ni ya mtu ambaye hajafika.

Kanuni niliijua. Februari niliijua.

Haya, sasa umelijua, na mimi niseme la kwangu. Miaka mitatu nilikuwa msaidizi wako. Nilikusomea ramani, nilikukumbusha majina, nilikaa nyuma yako kila saa moja jioni. Ulinipa kiti mara ngapi? Hata mara moja. Hata ulipokuwa na homa ya mafua ulicheza na ndoo miguuni. Mbele ya watu hamsini uliniita "mtoto". "Subiri, mtoto anatafuta kalamu." Wakacheka. Nina miaka ishirini na tisa, Mjomba. Ilibidi uvunjike nyonga ndipo nijue kwamba naiweza kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Wewe una miaka thelathini na minane ya reli nyuma yako. Mimi nina duka la simu na bosi anayekohoa. Uliandika kwamba kiti ndicho kinachokutoa kitandani. Hukuniuliza mimi kinachonitoa ni nini.

Nilisema uongo, najua. Niliwaambia umechoka kwa sababu wasingekubali vinginevyo. Wanakupenda wewe, mimi wananitii tu. Kila nikitoa amri nasikia wanavyongoja sauti yako.

Barua zako ninazo zote, ziko chini ya kibodi, nazisoma kabla ya kila mechi. Watu wa Varna tuliwatoa kwa lile Korongo. Fainali ni tarehe mosi Juni hapa Plovdiv, ukumbini, mbele ya watu. Ningependa uwepo, lakini tiketi zimekwisha zote, na ngazi za pale ni nyingi kwa nyonga yako. Wataonyesha moja kwa moja, utatazama ukiwa nyumbani kwa raha zako.

Nipe muda. Baada ya fainali nitakuja huko, tuongee uso kwa uso.

Ralitsa


Gorna Oryahovitsa
3 Juni 2024, saa mbili kasoro robo asubuhi

Ralitsa,

Mama yako ni mzima na anakusalimu. Tumepatana, mimi naye.

Barua yako ya Mei niliisoma mara nyingi. Mara ya kwanza niliitupa chini ya meza, na kuiokota kwa nyonga hii ilinichukua robo saa. Mara ya pili nikafika pale pa kuitwa mtoto. Nikakaa nikijiuliza. Ni kweli nilikuita hivyo. Ni kweli pia kwamba sikuwahi kukupa kiti, nikijiambia bado hujaiva, kumbe nilikuwa naogopa kwamba umeiva. Hilo ni kosa langu na nimeliandika kwenye daftari langu, na tarehe yake. Kwa hiyo ujue kwamba mwezi wote wa Mei mtu aliyekuwa anakaa katika nyumba hii alikuwa anakusamehe. Alikuwa anakwenda polepole, ila alikuwa anakwenda.

Jumamosi nilipanda treni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa mbili za pilipili za kusaga za mama yako, zile unazokula kwa kijiko. Niliwaza nikukute baada ya mchezo, nikupe, nikuambie ukae kwenye kiti hicho na Mungu akubariki, mimi nitakuwa mtu wa kikosi cha tano, nyuma ya kilima. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima, abiria wa mbele yangu akadhani nasali.

Tiketi niliipata mlangoni. Nilimwuliza mwuzaji kama zimekwisha, akacheka, akaniambia, "Baba, chagua safu uipendayo." Ngazi ni kumi na moja. Nimezihesabu.

Nikakaa safu ya nyuma. Nilikuona kwenye kile kiti kikubwa chekundu cha wafadhili, nywele umezifunga, kama mama yako akiwa anapika. Na, Ralitsa, ulicheza. Sisemi kwa kukupaka mafuta, sina tena sababu ya kukupaka. Dakika ya arobaini walipovunja lango la kaskazini na ukumbi mzima ukasimama, mimi huku nyuma maneno yakanitoka yenyewe, nikasema, "Bozhan, acha lango, rudi darajani." Na sauti yako ikatoka kwenye spika za ukumbi, maneno yaleyale, kwa upole uleule, wala hukupandisha. Kisha ukanyamaza mpaka akayarudisha. Mwanamke mmoja pembeni yangu akaniuliza kama naumwa, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia, "Huyo ni mpwa wangu." Akaniambia, "Hongera, baba." Nikapokea hongera ile, nikaiona ni yangu kabisa.

Mkashinda. Nikachukua mkoba, nikaanza kushuka nije mbele. Nilikuwa nimefika safu ya nne. Ungegeuza shingo kidogo tu ungeniona.

Yule mtangazaji mwenye koti la kung'aa akakushika bega, akauliza mbele ya wote, "Kamanda, hebu tuambie, nani alikufundisha kuongoza watu namna hii?"

Nikasimama. Nikakumbuka hata kuweka shati sawa.

Ukachukua kipaza sauti. Hukusita. Ukasema, "Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe."

Wakapiga makofi. Bozhan aliinamisha kichwa, nilimwona. Wewe ulikuwa unacheka.

Kiti ulikichukua kwa hila, na nilikuwa nimekuachia. Uongo uliowaambia kwamba nimechoka nilikuwa nakaribia kuumeza, kwa sababu ulitaka kitu sana na hukujua njia nyingine ya kukipata. Lakini pale hukuwa na haja. Umeshinda tayari, kiti unacho, watu wanakutii, hakuna mtu aliyekuwa anakunyang'anya chochote. Neno moja tu, "Mjomba", lisingekupunguzia hata kikombe. Hukulisema.

Chupa za pilipili nilimpa mwuzaji wa tiketi. Nikarudi na treni ya saa kumi na moja na dakika hamsini jioni, ikachelewa Stara Zagora dakika kumi na nane.

Uliandika kwamba utakuja tuongee uso kwa uso. Usije. Ila kuna kazi moja nakupa, na ni ya mwisho. Chini ya kibodi yako kuna barua zangu. Zile za mafunzo na ile ramani ya kalamu mbili. Ziweke kwenye bahasha, unirudishie zote. Kama ulijifunza mwenyewe, huna kazi nazo.

Parvan Stoilov
Mwongoza treni mstaafu